Siku Niliyotafuna Ushahidi

Mama yangu hutengeneza akamwani, ile kahawa ya kutafuna, na anayebisha kwamba yake ndiyo tamu kuliko zote Kamachumu aje tugombane. Huchuma buni kabla hazijaiva sana, huzichemsha na majani yake ya harufu ambayo hata mimi mwanawe hajawahi kunitajia yote, huzianika, kisha huzifunga kwenye majani makavu ya mgomba. Kwetu mgeni hapokelewi mikono mitupu. Kabla ya chai, kabla hujamuuliza hata habari za safari, unamletea kikapu kidogo chenye buni. Anapokea kwa mikono miwili, anatia mdomoni, anatafuna, ndipo mnaanza kuongea. Harusi, kipaimara, posa, msiba, kote huko Mama ndiye aliyekuwa akiagizwa.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Muleba, karibu na stendi, na wateja wangu watakwambia kwamba mikono yangu ni myepesi ila mdomo wangu hauna breki. Ni mimi niliyemfungulia Mama ukurasa mtandaoni. Nilipiga picha ya mikono yake tu, imeshika kikapu, na kovu lake la kisu cha ndizi linaonekana kwenye kidole gumba. Watu waliipenda picha ile, nyie! Wahaya walioko Dar, walioko Mwanza, walioko huko Ulaya kwenye baridi, wote wakawa wanaandika kwamba wamekumbuka nyumbani. Mama akawa anafunga vifurushi vya kwenda mbali huku anaimba.

Sasa siku moja asubuhi namsuka mteja, yeye anachezea simu yake, mara akaniuliza, "Kumbe siku hizi mama yako anauza zile za kurusha?"

"Za kurusha nini?"

Akanigeuzia simu. Loo! Mikono ya Mama, kikapu cha Mama, kovu la Mama. Lakini ukurasa haukuwa wangu. Chini ya picha wameandika: Akamwani ya moto, punje moja tu, hulali, huchoki, halali kabisa, haimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa, tunatuma popote. Nilimvuta yule dada nywele bila kukusudia mpaka akapiga kelele. Na yeye ndiye aliyenieleza kwamba kuna vijana wa chuo wamelazwa Bukoba kwa sababu ya kahawa hiyo, mmoja alikimbia barabarani bila nguo, mwingine moyo ulimwenda mbio hadi akazimia.

Nilimsuka kichwa nusu nikamwomba arudi kesho.

Nilipofika Kamachumu nikakuta polisi wamenitangulia. Mama, kwa sababu ni Mama, alikuwa amewapelekea kikapu. Wao walikuwa wamesimama sebuleni, kila mmoja anakitazama kikapu kana kwamba kuna nyoka ndani. Hawakugusa. Wakabeba gunia lake lote la buni kwenda kulipima, wakamwambia afike Muleba kutoa maelezo, na asisafiri kwenda mbali. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye njia ya migombani wanatazama, na hakuna hata mmoja aliyejifanya anapita.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika haraka. Jirani yetu mmoja, mama wa ubatizo wa dada yangu, mtu aliyekula nyumbani kwetu miaka yote, alikuwa anaoza binti yake. Alituma mtu kusema kwamba akamwani ya harusi watachukua kwingine, tusijali, ni kwa ajili ya usalama tu. Usalama! Nilitaka kumfuata nimwambie usalama ni kitu gani. Mama akanizuia mlangoni.

"Afadhali wangeniita mchawi," akasema. "Mchawi angalau wanamwogopa. Mimi wananionea huruma, na buni zangu hawatafuni."

Nilikuwa sijawahi kumsikia Mama akiongea hivyo. Nikaona wazi kabisa: kama hao wauzaji hawatakamatwa na mzigo wao mikononi, Mama ndiye atakayebaki na jina la muuza dawa za kulevya, na atalibeba mpaka kaburini. Damu ikanichemka. Kesho yake nikapanda gari kwenda Bukoba.

Polisi walionipokea walinipeleka kwa afande mmoja mwanamke, mtu wa Dodoma, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Yeye ndiye aliyekuwa anafuatilia biashara hizi za mtandaoni. Nilidhani atanifukuza, kumbe alinivutia kiti. Akanieleza taratibu kwamba dawa hizi ni za kutengenezwa maabara, huko nje, na watengenezaji wanazibadilisha kidogo kidogo kila mara. Ukikataza hii, wanatoa nyingine inayofanana nayo, haina jina kwenye sheria, basi muuzaji anajiandikia "halali kabisa" na kutamba. Huyu wa kwetu alikuwa mjanja zaidi, mizigo anatuma kwa bodaboda, sura yake hakuna anayeijua. Afande alitaka kumkuta yeye mwenyewe, mzigo upo, na simu anayoendeshea ukurasa iko mkononi, haijafutwa kitu.

"Nitanunua mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Afande, mimi nina saluni Muleba. Mabibi harusi wote wanapita mikononi mwangu. Muuzaji gani atakataa wakala kama mimi?"

Alinitazama sana. Halafu akacheka, na nikajua amekubali.

Nyie, sijawahi kufurahia kitu kama zile siku! Najua ni aibu kusema hivyo wakati Mama hali chakula vizuri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa namwandikia yule muuzaji huku namsuka mtu, afande anasoma kila neno. Nilimringia, nikamlalamikia, nikamwambia mimi sinunui kitu ambacho sijakiona kwa macho, nimeshatapeliwa mikorogo feki mara nyingi. Nikanyamaza siku nzima. Akaanza kunitafuta yeye! Mwishowe akaandika: dada, njoo Kemondo, nyumbani kabisa, uone mwenyewe, tuwe watu wa kudumu. Niliruka ruka saluni mpaka mteja aliyekuwa kwenye dryer akaniuliza kama nimepata mchumba.

Asubuhi ya kwenda, afande alinipa masharti ndani ya gari lao la kiraia, na mimi nikayarudia kama mtoto wa komunyo.

"Usifungue pakiti yake."

"Sifungui."

"Usinywe soda yake, usinywe chai yake, usinywe maji yake."

"Sinywi kitu, afande."

"Ukishauona mzigo unanipigia simu, unasema, Mama nimefika salama. Maneno hayo tu, halafu unakaa kimya. Sisi tutakuwa kwenye migomba, nyuma."

Nikasema sawa. Kukaa kimya ndiko kulikonitia wasiwasi, mengine yote niliyaona mepesi.

Nyumba ilikuwa juu kidogo ya bandari ya Kemondo, safi, ina mapazia meupe na maua mlangoni. Nilitegemea kukuta jambazi mwenye macho mekundu. Akatoka kijana mpole, shati limepigwa pasi, ungesema mwanakwaya.

"Shikamoo dada, karibu sana. Umetoka Muleba na jua hili? Pole."

Akanifutia kiti kwa mkono wake. Nikakaa, mkoba nimeukumbatia. Akaingia ndani, akarudi. Mkononi ana kikapu kidogo, kizuri, kimefumwa vizuri, na ndani yake buni. Akainama kama alivyofundishwa na bibi yake, akakinyoosha kwa mikono miwili.

Na mimi je? Mimi nilifanya nilivyofundishwa na bibi yangu. Niliinuka kidogo, nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru kwa Kihaya, kasinge waitu, nikatia punje mdomoni, nikaiuma. Ikalia ka!

Yesu na Maria! Nilikumbuka nikiwa nimeshameza. Kila sharti la afande nilikuwa nalijua kwa moyo, soda, chai, maji, pakiti, lakini yeye ni mtu wa Dodoma, kikapu hakukitaja, na mimi mkono wangu haukuniuliza. Toka nimeota meno, kikapu kikija napokea. Hata ningekuwa usingizini ningepokea.

Kwanza ulimi ukafa ganzi. Halafu uchungu mmoja wa ajabu, si wa kahawa, kama nimelamba betri. Halafu nikawaka. Sijui niseme vipi. Masikio yalivuma, mikono ikawa myepesi, kila kitu mle ndani kikawa na rangi kali, na maneno yakaanza kunitoka yenyewe. Nilimweleza kijana yule habari za rasta, habari za wigi, habari za bomba letu la maji Muleba, habari za mbuzi aliyewahi kuingia saluni akala nywele za bandia. Mwenzangu anacheka.

"Umeona dada? Hiyo ni punje moja tu. Njoo uone mzigo."

Akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Buni zimetandazwa kwenye mkeka. Beseni. Bomba la kupulizia nyanya dawa. Vifuko vya unga mweupe vyenye maandishi ya kigeni, na chini yake wameandika kwamba si kwa matumizi ya binadamu. Na ukutani, kwenye rundo la pakiti zilizokwisha kufungwa, mikono ya Mama, mikono ya Mama, mikono ya Mama, kila pakiti na kovu lake.

Nikatoa simu.

"Mama, nimefika salama," nikasema. Hapo nilitakiwa ninyamaze. Wapi! "Nimefika salama sana, Mama, sijawahi kufika salama namna hii, nimeona beseni, nimeona bomba la nyanya, na unga wameuandika wenyewe kwamba binadamu asile, na wewe, Mama, wewe mwenyewe umo humu umejaa ukuta mzima!"

Kijana akabadilika sura. Hakunigusa. Alichopoa simu yake mfukoni akatoka mbio kwa mlango wa uani, na mimi nikajua anakokwenda, kwa sababu uani kulikuwa na choo cha shimo. Simu ikiingia mle, basi, ukurasa ni wa nani? Mama angebaki peke yake na picha yake. Nilitupa viatu nikamfuata. Sijawahi kukimbia vile hata nikiwa shule. Nilimkuta mlangoni pa choo, mkono umeshanyooshwa juu ya tundu, nikamshika nywele. Kushika nywele ndiyo kazi yangu. Akivuta huku mimi navuta kule, huku namtukana kwa Kihaya na Kiswahili, "Mwizi wa mikono ya mama wa mtu! Leta simu! Leta!"

Migomba ikapasuka, polisi wakatokea kila upande. Mmoja akamkamata mkono ule wenye simu, mwingine akamkalisha chini. Mimi nywele sijaziachia mpaka afande mwenyewe akanibandua vidole.

"Hizo kahawa ni za mama yake huyu!" kijana akapiga kelele. "Muulizeni! Mimi ni wakala tu, zinatoka Kamachumu hivyo hivyo zilivyo!"

Afande akanitazama machoni, akanisogelea zaidi.

"Umekula kitu?"

"Nimekula."

"Dada! Si nilikukataza?"

"Ulinikataza soda!"

Alijipiga kofi kwenye paji la uso. Kisha akanishika mkono, akaingia nami kwenye gari, tukaenda Bukoba hospitali kwa mwendo ambao sitaki Mama aujue. Njia nzima nilicheka na kuongea. Kitandani ndipo hofu iliponipata. Moyo ulikuwa unapiga mpaka kitanda kinatikisika, jasho linanitiririka, na kila nikifumba macho naona pakiti. Nilidhani nakufa, na bado nilikuwa nataka kusimulia. Nesi aliniambia, "Wewe ni mgonjwa wa kwanza kuniuliza nasukia wapi nywele huku umewekewa dripu."

Afande hakuondoka mpaka mapigo yaliposhuka. Akaniambia kwamba wameshachukua damu yangu na mkojo wangu, na vitapelekwa kupimwa pamoja na vile vifuko, buni za mkekani na gunia la Mama. "Ujinga wako umenisaidia," akasema. "Sasa nina mtu aliyekula kutoka mkononi mwake, akanisimulia na mzigo wote kwa simu." Nikamwambia asante kwa ujinga.

Majibu yalichukua muda, na muda huo Mama aliendelea kukaa na buni zake. Lakini yalipokuja, yalikuja! Gunia la Mama halikuwa na kitu isipokuwa kahawa na majani. Kilichokuwa kwenye damu yangu kilikuwa kile kile cha kwenye mkeka na kwenye vifuko. Simu ya kijana ilikuwa na ukurasa, oda, picha ya Mama aliyoichota kwangu, na mazungumzo na wenzake wengine wawili, ambao nao walibebwa. Juu ya dawa yenyewe, afande alinieleza, mawakili bado wangevutana kama inaingia kwenye orodha au haiingii. Ila kuuza chakula kilichotiwa kemikali, kuumiza watu, na kutumia mikono ya mtu asiyehusika, hayo hayakuwa na mjadala. Ukurasa ukafungwa. Kijana akapelekwa mahakamani.

Nilimwomba afande kitu kimoja: gunia lirudishwe mchana, kwa gari la polisi lenye rangi zake zote, na lipite katikati ya Kamachumu polepole. Akakubali. Nilikaa mbele kama bibi harusi. Dereva akapiga honi bila hata kuombwa, watoto wakakimbia nyuma yetu, na gunia likashushwa mlangoni kwa Mama na mtu mwenye sare. Mama alilipapasa gunia kama anampapasa mtoto aliyetoka jeshini. Nililia kwa furaha, sifichi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mama akaita majirani. Alipika ndizi na nyama, alichemsha buni mpya tangu katikati ya wiki, nyumba nzima ikanukia. Walikuja! Hata yule mama wa ubatizo alikuja, na kitenge kipya, akamkumbatia Mama muda mrefu. Kikapu kikazunguka. Kila mmoja akapokea kwa mikono miwili, kila mmoja akashukuru. Mimi nikasimama katikati kusimulia. Niliigiza sauti ya afande, nikaigiza kijana, nikaigiza mbio za chooni, nikamshika binamu yangu nywele kuonyesha. Watu walicheka hadi machozi. Niliwatazama vinywa vilivyo wazi kwa kicheko nikasema moyoni, tumeshinda, jamani, Mama amerudi kuwa Mama.

Walipoondoka tukaanza kusafisha. Mama akainua mto wa kiti. Buni moja. Akainua mto mwingine. Buni mbili. Akakunja mkeka, zikabingirika sakafuni. Nyingine zilikuwa kwenye kopo la maua, zimefukiwa kidogo na udongo.

"Zimewadondoka," Mama akasema, anaziokota.

"Zimewadondoka wapi!" Nililipuka. "Wanafiki wakubwa! Wamekula ndizi zako, wamekumbatia shingo yako, halafu wanaficha buni chini ya makalio? Majibu ya maabara hawakuyasikia? Gari la polisi hawakuliona? Nawafuata mmoja mmoja, Mama, leo hii, naanza na yule mwenye kitenge!"

Mama alikuwa amepiga magoti, buni zimejaa kiganjani. Akainua uso, akaniuliza kwa upole, bila hasira yoyote:

"Na ya kwako iko wapi, mwana wange?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Kikapu kilinipitia mimi wa kwanza, nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilipokea kwa mikono miwili. Nikatia mkono kwenye mfuko wa gauni, na buni ilikuwa humo, kavu, imejifunga kwenye leso. Sikumbuki kuiweka. Na sikuwa nimetafuna hata punje moja tangu Kemondo.

Mama alikaa pale pale chini na buni za watu mkononi, akinitazama mdomo. Nikaitoa kwenye leso. Nikaitia ulimini, na moyo ukaanza kwenda mbio kama siku ile, na taya likagoma kabisa. Nilisubiri ganzi. Mama naye alisubiri. Halafu nikafumba macho nikaiuma.